Ghorofa Iliyokula Nyumba ya Baba

Ningeweza kusema tu kwamba nitarudi kesho. Benki isingenikimbiza barabarani. Lakini nilikuwa nimevaa suti, afisa wa mikopo alikuwa ameniagizia soda, na hati ya nyumba ya baba ilikuwa imelala mezani mbele yetu. Nikaweka sahihi kila mahali alipogusa kwa kidole. Kipengele kimoja kilisema kiwango cha riba kinaweza kurekebishwa kufuatana na hali ya soko. Nilikisoma. Mtu asije akanitetea kwamba sikukisoma; nilisoma hadi sekondari na Kifaransa nakielewa. Nilikisoma, nikadhani kinawahusu watu wengine.

Pale Buyenzi, mtaa tulikozaliwa, riba ni neno linalomfanya Mwislamu ashushe sauti. Ndiyo maana tuliiita "intere", kana kwamba dhambi ikisemwa kwa Kifaransa inapungua uzito.

Hati ilikuwa na jina langu, lakini nyumba haikuwa yangu peke yangu. Baba alipofariki tulibaki na mama, mimi na dada yangu mdogo. Dada alikuwa na fungu lake katika mirathi, na hakuna aliyelipinga. Lakini katika familia zetu dada huwa hadai fungu lake. Humwachia kaka. Haliuzi wala halitoi zawadi. Analiacha pale, ili siku ndoa ikimshinda au mume akifa, awe na mlango wa kurudia bila kubisha hodi. Basi hati ikaandikwa jina langu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, mume wake aliuawa barabarani akirudi na mzigo wa maharage. Dada akarudi nyumbani, akachukua chumba cha nyuma karibu na cha mama, akaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Mpango ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa. Benki ikaangalia hati, ikaona mwenye nyumba mmoja, mwanamume, mwenye mshahara.

Mshahara huo niliupata bandarini, nilikokuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo. Mimi na mke wangu tulikuwa tumejenga nyumba ya chini upande wa kusini wa mji, vyumba vinne na slabu juu. Tulikaa katika viwili na kupangisha viwili. Ingetosha. Lakini nilikuwa nikipita Kigobe, mtaa wa wakubwa, kila siku nikiona nyumba zinavyopangishwa kwa wageni wa mashirika ya misaada, kwa dola, na nikaona slabu yangu imekaa bure inaniangalia. Nikataka ghorofa.

Nilimkuta dada uani akichambua ndagala kwenye ungo. Nikamweleza.

"Etaje?" akasema. "We unataka kupanda juu uone nini, kaka? Milima ya Kongo? Mbona inaonekana hata chini, tena bure."

"Ni ya kupangisha. Wazungu wanalipa kwa dola."

"Wazungu wako wanakimbia risasi, we unawajengea balkoni."

Mama akacheka huko ndani. Mimi sikucheka. Nikamwambia benki inataka hati ya Buyenzi kuwa dhamana, kwa sababu nyumba ya kusini bado inajengwa; kwamba ni karatasi tu, itakaa kwenye sanduku lao miaka michache kisha itarudi. Dada aliacha kuchambua.

"Apana. Mi sikukuuzia. Nilikuachia."

"Hakuna aliyesema kuuza."

"Basi usiipeleke."

Niliipeleka wiki hiyo hiyo. Sahihi yake haikuhitajika, na hilo lilinipa ujasiri kuliko lilivyopaswa.

Kuta za ghorofa zilikuwa hazijafika kwenye madirisha nchi za jirani zilipofunga mipaka ili kuibana serikali yetu. Bandari ikanyamaza. Unajua ni kazi gani kukaa kwenye dawati la kutoa mizigo wakati mizigo haipo? Tulipanga upya mafaili ya zamani. Kisha kampuni ikakata mishahara nusu, ikatuomba tuwe wavumilivu. Saruji ikawa inapita Gatumba, mpakani, mfuko mmojammoja juu ya baiskeli, na kila aliyeugusa alitaka chake. Mifuko niliyonunua mapema iligandia stoo, kwa sababu fundi wangu alikuwa amekimbilia Uvira, upande wa Kongo, na hakuna aliyejua atarudi lini. Wageni wa dola wakapanda ndege.

Hapo ndipo benki iliponiandikia kwamba soko limebadilika.

Nilikwenda kwa afisa yule yule. Safari hii hapakuwa na soda.

"Soko gani?" nikamuuliza. "Soko limefungwa. Hakuna anayenunua, hakuna anayeuza. Limebadilika vipi?"

"Mzee, serikali inakopa," akasema. "Ina vita, inahitaji pesa. Inatuuzia hati za hazina, na inalipa intere nzuri. Sasa niambie, kwa nini nikuachie wewe pesa kwa bei ya chini kuliko serikali?"

"Mimi mkopo wangu ni wa zamani. Pesa mlishanipa."

"Umesaini inarekebishwa." Akanigeuzia karatasi, kidole kikiwa tayari mahali pake.

"Na serikali isipowalipa?"

Alinitazama kama nimemtukania mama. "Serikali ni serikali."

Nikatoka nikiwa nimekasirika na nisijue nimkasirikie nani. Pale nje jua lilikuwa likiwaka, wanajeshi wanapita kwenye lori, nami nikawa nawaza kwamba buti zile ninazilipia mara mbili, mara moja kwa kodi, mara ya pili kwa kuta zangu zisizo na paa.

Mpangaji wangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye mke na watoto wengi. Nilimfuata anilipe kodi ya miezi iliyopita.

"Mzee, hatujalipwa," akasema. "Wanasema hazina ni kavu."

"Kavu? Benki inaikopesha serikali kila siku!"

"Basi waambie benki wanikopeshe mimi moja kwa moja. Tutapunguza safari."

Alisema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa hasa. Serikali haikumlipa mwalimu, mwalimu hakunilipa mimi, mimi sikuilipa benki, na benki ilikuwa inaikopesha serikali pesa ambazo, kama zingemfikia mwalimu, zingerudi kwa benki kabla ya Ijumaa. Katika mzunguko wote huo mtu pekee aliyeongezewa riba ni mimi. Nilimweleza mke wangu mambo haya wakati wa chakula, kwa sauti ya juu, nikigonga meza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kweli kabisa. Na ghorofa ni wazo la serikali pia?"



Mwalimu sikumtoa. Ningempeleka wapi, na mitaa ya juu ilikuwa inaungua? Ila pesa ya garanti, ile ambayo mpangaji hutoa anapoingia na kurudishiwa anapotoka, nilikuwa nimeshaitumia kulipa riba. Alipohama mwenyewe nilimrudishia kwa magunia ya mchele, kidogokidogo, nikijificha machoni pa majirani.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, ambaye duka lake halikuwa mbali na msikiti wetu, alitaka kuinunua nyumba ile ya kusini kama ilivyokuwa, na nondo zake zimesimama juu. Bei aliyotaja ingefuta mkopo wote, na hati ya baba ingerudi nyumbani. Mimi na mke wangu tungehamia Buyenzi kwa mama. Mke wangu alikubali. Dada, nilipomwambia, aliinua mikono akasema, "Alhamdulillahi, chumba cha mbele nitakifagia leo."

Nikamkatalia yule mtu. Nilimwambia bei yake ni ya kuniibia. Nilijipa hesabu kwamba vita vitaisha, wageni watarudi, riba itashuka. Ukweli ni kwamba sikutaka watu wa mtaa wanione narudi na godoro kichwani katika ua wa baba niliotoka nikiwa nimevaa suti. Kwa ajili ya godoro lile nikasubiri. Faranga ikaanguka thamani, benki ikarekebisha tena, na mshahara wangu ukawa hautoshi hata riba yenyewe, achilia mbali mkopo. Aliporudi kuuliza tena, yule wa vitambaa alitaja nusu ya bei ya kwanza. Mara ya tatu hakuja.

Benki haikutaka magofu yangu ya kusini. Ilitaka dhamana, na dhamana ilikuwa Buyenzi, mahali ambapo hata katika vita mtu anapata mpangaji. Ikauza. Nilikwenda kuwaambia mama na dada siku watu wa mahakama walipokuwa wameshakuja kupima kiwanja, kwa hiyo sikuwaambia kitu wasichokijua.

"Njooni kwangu," nikasema. "Kuna vyumba viwili. Ni vyenu."

Mama alikuja. Dada alifunga ungo wake kwa kitenge.

"Kwako nitakaa kwa ruhusa, kaka," akasema. "Hapa nilikuwa kwangu."

Akavuka kwenda Uvira, akapanga chumba. Nilituma pesa, zilirudi na yule yule aliyezipeleka. Mama alifia nyumbani kwangu, akiuliza kila Ijumaa kama binti yake amekuja. Dada alikuja kwenye mazishi, akakaa na wanawake, akaondoka bila kula. Sikumwona tena. Alifariki huko huko, katika chumba cha kupanga, na habari nilizipata kwa mtu wa sokoni baada ya kuzikwa.

Serikali ilikopa, benki ilipandisha, vita viliharibu. Yote hayo ni kweli, na nimeyasema kwa hasira miaka mingi. Lakini aliyeweka nyumba mezani ni mimi, na aliyekataa kuikomboa ni mimi. Ghorofa ile ilinigharimu nyumba ya baba yangu, na ilimfanya dada yangu wa pekee afe akiwa mpangaji wa watu, akiwa hasemi nami.