Lenzi Fupi kwenye Kona ya Nukumi

Fusae Tadokoro ni kinyozi wetu hapa kijijini Nukumi, na kwa kamera ni mgonjwa. Nasema mgonjwa kwa sababu mimi mwenyewe ninao ugonjwa huo huo. Nauza tambi za soba mkabala na stesheni, na theluji ya kwanza ikianguka wateja wangu huona mgongo tu, maana niko mlangoni nimeshika kamera. Sisi wa klabu ya picha tunasema mtu wa namna hiyo ameingia kwenye kinamasi cha lenzi. Unaanza na ile iliyokuja na kamera, unaona haitoshi. Unanunua ndefu, inakuwa nzito. Unatafuta nyepesi, usiku inakuwa kipofu. Kila ukichomoa mguu mmoja, wa pili unazama. Fusae alikuwa amezama mpaka kiunoni, na alikuwa anacheka humo humo ndani.

Kaka yake, Kuniaki, alikuwa dereva wa treni yetu ya bondeni, ile ya dizeli yenye mabehewa mawili. Na Kuniaki hakutupenda watu wa kamera, wala hakuficha. Akija kwangu kula, akikuta kamera mezani, anageuza kiti. Alisema sisi ni nzi: tunainamia reli, tunammulika machoni, tukifukuzwa kona hii tunajaa kona ile. Fusae alimbembeleza miaka na miaka ampige picha akiwa kazini, na jibu lilikuwa moja, hapana, na usiniulize tena.

Vuli ile alipokaribia kustaafu akalegea. Nilikuwepo, nilikuwa namwagia mchuzi bakuli lake. Fusae alikuwa kando yake, na Kuniaki akasema bila kumtazama:

"Haya, piga. Safari yangu ya mwisho. Lakini nisikilize, Fusae. Tangu nianze kazi sijawahi kukamata breki ya dharura kwa sababu ya mtu. Nataka nifike salama, nifike kwa wakati, nivue kofia niende zangu. Usije ukaniharibia."

"Mimi tena, kaka? Mimi ndiye nitakayewashika hawa wenzangu mashati."

Kuniaki akala tambi zake zote, akanywa na mchuzi, akaondoka. Fusae alibaki pale kwenye kiti anapangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Picha aliyoitaka alikuwa nayo kichwani zamani. Madereva wetu wakiona taa ya ishara huinyooshea kidole na kutamka kwa sauti rangi wanayoiona, hata wakiwa peke yao, hata kwa mvua. Alimtaka Kuniaki hivyo hivyo: glavu nyeupe, kidole mbele, mdomo unatamka. Ugumu ukawa kioo. Alijaribu lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya mto, kioo cha treni kikabeba mng'ao wa mbingu yote na kaka yake akawa kivuli. Akafunga kichujio cha kukata mng'ao, akapata pua na nusu ya shavu. Siku zake zote za mapumziko zikaishia mtoni, miguu ndani ya matope, anarudi na kadi imejaa vioo vyeupe.

Hatimaye akagundua kona iliyo kabla ya daraja. Pale misunobari inaziba mbingu, kioo hakina cha kubeba, na dereva anaonekana kama umekaa naye meza moja. Lakini treni inachomoza ghafla na nafasi ni finyu. Lenzi ndefu pale utapiga magome ya miti. Ni lenzi fupi au urudi nyumbani.

Mwenyekiti wetu wa klabu, Mzee Itagaki, hakukubaliana. Mzee yule ana lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima na anaamini dunia nzima iliumbwa ipigwe kwa hiyo. Alimwambia akiwa amekaa kwenye kiti cha kunyolewa, povu kidevuni, kwamba kutoka nyuma ya kamba ya usalama kaka yake atatoka mdogo kama punje ya wali, na kwamba mwenye lenzi fupi siku zote mwisho wake ni kusogea. Fusae akamjibu kwa upole kabisa kwamba akumbuke ni nani aliyeshika wembe.

Kamba yenyewe tuliifunga sisi klabu, mti kwa mti, na sheria ilikuwa yetu: hakuna kuvuka. Sasa nieleze jambo moja, asije mtu akadhani Fusae ni mjinga. Lenzi ndefu inavuta. Treni iko mbali huko, wewe unaiona iko mdomoni. Ndiyo maana wenye lenzi fupi hututania sisi wa lenzi ndefu kwamba tunapiga yowe treni ikiwa bado wilaya ya jirani. Lenzi fupi nayo inasukuma. Kitu kiko hapa, wewe unakiona kule. Sote tunalijua hili, tunawafundisha wageni. Ila jicho likishaingia kwenye kitundu cha kamera, mtu huamini anachokiona.

Asubuhi ya siku yenyewe theluji ilikuwa imeanguka, ikatulia. Tulikuwa watu wachache: Mzee Itagaki na mimi kule juu kwenye kingo na lenzi zetu ndefu, tukilenga daraja, na Fusae peke yake chini kwenye kona, nyuma ya kamba. Alikuwa na kamera yake mpya, ile ya kisasa isiyo na kioo cha kuakisi ndani, na alikuwa amebadilisha mipangilio yake mara ngapi sijui, maana nilimwona akivua glavu na kuvaa, akivua na kuvaa. Nikamwuliza kwa sauti kama mambo sawa. Akasema kaka atakuwa mdogo sana kwenye picha. Nikamwambia ataipunguza picha pembeni baadaye, kamera yake ina uwezo huo. Akavua glavu tena.

Reli zikaanza kuimba. Mimi nikaweka jicho langu kwenye kamera, treni ikachomoza kwenye miti, ikajaa kioo changu chote. Nikatoa jicho kwa sababu ya Fusae tu, sijui niliona nini pembeni. Alikuwa amepita chini ya kamba. Alikuwa amesimama karibu na kokoto za reli, amekodoa ndani ya kitundu, na mguu wake ulikuwa unatafuta pa kukanyaga mbele.

Nikamwita. Mzee Itagaki naye akamwita, jina tupu bila heshima yoyote. Fusae hakushusha kamera. Alisema, tena kwa sauti ya kuchoshwa, "Bado iko mbali," na akaongeza hatua. Mungu wangu. Alidhani ni sisi na mayowe yetu ya kila siku.

Honi ililia, haikukatika. Kisha breki. Sijawahi kusikia chuma kikilia namna ile na sitaki kusikia tena. Nilikimbia kuteremka ile kingo, nikaanguka, nikainuka, na nilijua kabisa sitafika. Theluji ilirushwa na magurudumu ikawa ukungu, sikumwona Fusae wala treni.

Ilisimama. Ukungu ulipotua, Fusae alikuwa bado wima juu ya kokoto, kamera imeshuka kifuani, na treni ilikuwa mbele yake umbali ambao ungemrushia dereva chungwa akalidaka. Injini ilikuwa inanguruma polepole. Abiria walikuwa wamebandika nyuso madirishani.

Kuniaki akafungua dirisha la pembeni. Alikuwa mweupe kuliko glavu zake. Nilisubiri matusi, nilitamani hata atukane. Alisema kwa sauti ile ya kazini, ile wanayomsemeshea mtu yeyote wasiyemjua:

"Naomba utoke kwenye njia, tafadhali. Rudi nyuma ya kamba."

Nikamshika Fusae mkono nikamtoa. Alikuwa mwepesi, anakuja tu. Dirisha lilibaki wazi, na tukasikia Kuniaki akiripoti kwenye redio, maana lazima aripoti: mtu mmoja aliingia njiani, mwanamke, hajaumia, treni haikumgusa. Upande wa pili wakauliza kama mtu huyo anafahamika. Redio ikakwaruza. Wakauliza tena.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Wa tumbo moja."

Aliruhusiwa kuondoka. Aliinua mkono, akainyooshea ishara kidole, akatamka rangi yake, sauti ikipasuka katikati. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua kamera. Treni ikavuka daraja ikiwa imechelewa.

Fusae hakutaka kwenda stesheni ya mwisho ambako jamaa walikuwa wanasubiri na maua. Nilimtia kwenye gari langu kwa nguvu. Nilikuwa nimekasirika, nilimwambia njiani maneno ambayo sitayarudia, na yeye alikuwa anaitikia tu ndiyo, ndiyo. Tulipofika Kuniaki alikuwa ameshapokea maua, amewainamia wenzake, amevua kofia. Fusae aliinama mbele yake mpaka nywele zikagusa magoti, na hakuinuka.

"Inuka," Kuniaki akasema. "Umeipata?"

Fusae hakuelewa. Kuniaki akauliza tena, picha, umeipata? Ndipo Fusae akakumbuka kwamba kidole chake kilikuwa juu ya kitufe muda wote ule. Aliwasha kamera akampa, bila kuangalia yeye kwanza. Mimi niliona juu ya bega. Ilikuwa moja tu iliyofaa, na ilikuwa kali, jamani, kali kuliko picha yoyote iliyowahi kupigwa na klabu yetu. Kioo hakikubeba chochote. Mkono mmoja umeng'ang'ania breki, mdomo wazi, macho yanatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Ungeweza kuhesabu kope.

Kuniaki aliiangalia sana. Fusae akasema anaifuta, anaifuta sasa hivi, akanyoosha mkono. Kaka yake akaisogeza kamera pembeni.

"Usifute," akasema. "Nyie mmekaa kwenye kona zangu miaka yote hiyo. Uso niliokuwa nao kila nikiwakuta ni huo. Waonyeshe."

Basi Fusae akaipeleka kwenye maonyesho ya klabu ya majira ya kuchipua, pale ukumbi wa kijiji. Aliichapisha kubwa, akaitundika ukutani bila maelezo. Na watu wa kamera ni watu wa kamera. Walijaa mbele yake toka asubuhi. Wakasifu ukali, wakasifu weusi wa misunobari, wakataka kujua ni lenzi gani, kasi gani ya kamera, ameukata vipi mng'ao wa kioo. Fusae aliwajibu wote, lenzi hii, kasi hii, kivuli cha miti. Kuniaki alikuwa mezani anawamiminia wageni chai.

Mchana akaja bwana mmoja kutoka mjini, kamera mbili shingoni. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akasema ametembea maonyesho mengi na hajaona uso wa mtu akiwa kazini namna hiyo, akauliza dereva huyo alikuwa anafikiria nini.

"Ni kaka yangu," Fusae akasema. "Hapo anadhani ameshaniua."