Mgongo wa Tata Kyungu

Jirani yangu Tata Kyungu aliendesha pampu za kutoa maji mgodini kwa miaka thelathini na moja. "Maji ikikatala kutoka, usiiombee. Fungula bomba," ndivyo alivyowafundisha wafanyakazi wapya. Bomba lake mwenyewe lilipoanza kuziba, aliliombea miaka miwili mizima.

Daktari alimwambia ni tezi dume. Imevimba, inabana njia ya mkojo, lazima apasuliwe. Tata Kyungu hakuogopa kisu, aliogopa kupoteza uenyekiti. Ndiye mwenyekiti wa chama cha akina tata, yaani akina baba, parokiani kwetu Manika, na sisi wanaume wa Manika tunajua kila kitu: aliyepasuliwa huko chini si mwanaume tena. Nani alituambia? Hakuna. Tunajua tu.

"Odile," alimwambia mkewe, "batu bakiuliza, sema ni mugongo."

Mama Odile akatangaza mgongo, na hapo ndipo walipokosea. Kwetu mgongo ni ugonjwa wa heshima, unapata wageni. Angesema anaharisha, tungemwombea kwa mbali. Kabla hajalazwa alishaletewa mafuta ya chatu na ubao wa kulalia. Alishukuru kwa vyote viwili, akaviweka uvunguni.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku tatu alilala na mpira wa mkojo, ule wanaouita sonde, mfuko wake ukiwa umefunikwa kwa kitenge cha mkewe. Asubuhi ya siku ya nne, nesi Jémima akautoa, akamwachia ndoo.

"Tata, mukunywe maji mingi. Mukifanya pipi benyewe mbele ya midi, munarudia ku nyumba. Mukikosa, narudisha sonde, munaenda nayo."

Pipi ni mkojo, na midi ni saa sita mchana. Kurudi Manika juu ya pikipiki ya taxi-moto, na mfuko wa mkojo mapajani, mbele ya soko zima! Tata Kyungu akanywa chupa tatu.

Saa nne tukaingia sisi wa chama, watu kumi na tisa na ngoma moja. Mgeni wa hospitali hafukuzwi, hivyo mwenyekiti akatabasamu. Tuliimba nyimbo sita. Tata Mpoyi, makamu wake, akahubiri juu ya yule mwanamke wa Injili aliyepinda mgongo miaka kumi na minane. Alihubiri kana kwamba naye anaimaliza yote kumi na minane. Mgonjwa alikuwa anatoka jasho, amebana miguu, anatazama ndoo. Sisi tukasema ni Roho anashuka.

Ilipokaribia saa sita, Jémima akafungua mlango.

"Tata Kyungu! Mulishafanya pipi ao bado? Nirudishe sonde?"

Macho yote yakatoka kwenye mgongo wake yakashuka chini. Mama Odile akajifunika uso kwa kitenge. Nilimwonea huruma yule mzee, nakiri, na papo hapo nilitamani kucheka.

Tata Kyungu akashuka kitandani polepole, akachukua ndoo.

"Bandugu, haikuwa mugongo. Balinipasua prostate. Mutoke ao mubakie, miye nafungula bomba."

Akaingia nyuma ya pazia. Tungeweza kutoka, lakini hakuna aliyetoka. Kwanza kimya. Halafu tone moja. Halafu ndoo ikalia, ikaendelea kulia, mkondo mrefu, wenye nguvu, mkondo ambao wengi wetu mle ndani hatujausikia kwetu kwa miaka. Mama Odile akapiga vigelegele. Mimi kicheko kiliniisha, nikaona wivu, wivu mkali kabisa.

Tukaagana naye haraka haraka, kila mtu ana kazi. Nilifika hadi getini, nikasema nimesahau kofia yangu, nikarudi. Mlangoni kwa Jémima nilimkuta Tata Mpoyi, sauti yake ya mahubiri imekwisha yote.

"Mama nesi," alikuwa ananong'ona, "na miye niko na hii mugongo."

Nyuma yake alisimama Tata Kalumba, mweka hazina wetu. Wa tatu nilikuwa mimi.