Ndoano ya Mwisho kwenye Kopo la Baba

Harufu ya majani ya majini yanapooza juani haifanani na uozo mwingine. Mwanzoni ina utamu, kama tunda lililosahaulika mfukoni, halafu nyuma ya utamu yanakuja matope. Mwezi uliopita vijana wangu walikuwa wakipiga pampu kutoa maji kwenye ploti niliyonunua Njiru. Wakayarundika yale majani kando ya uzio, na jua lilipoyapiga, nikaenda kukaa ndani ya gari na kufunga vioo.

Na mimi si mtu wa kukimbia harufu. Nina maghorofa mawili Kware, yote yamejaa wapangaji, na duka la vifaa vya ujenzi ambalo kila fundi wa Barabara ya Kangundo analijua. Shule niliachia darasa la sita, na leo wenye digrii hunipigia simu kuuliza ghorofa nne zinahitaji nondo za unene gani. Nayasema haya ujue ni nani anayekusimulia. Lakini majani yale nayajua. Yalinilia ndoano kumi.

Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli. Tulikaa chumba kimoja karibu na mtaa wa Tena: yeye, mama na mimi, mtoto wao wa pekee. Kwetu ni Samia, kando ya ziwa, na huko ndiko alikokulia akivua kabla hajaja Nairobi kufunga nati za mabehewa. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, tumbo lake lilianza kuvimba huku mikono yake ikikonda. Hospitali walimrudisha nyumbani, wakamwambia mama ampe chochote atakachoweza kumeza. Hakumeza. Uji aliusukuma, ugali aliutazama tu kama kitu cha mtu mwingine. Siku ya nne mama alipiga magoti kando ya kitanda akamsihi ataje kitu, kitu chochote, naye akasema polepole, "Labda ngege. Ningepata ngege, ningejaribu."

Mimi nikasikia kwamba akila ngege, yule samaki wa magamba wa kwao ziwani, atapona. Hakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia.

Ngege wa sokoni siku zile kwetu alikuwa wa kutazama na kupita. Ila chini ya kitanda kulikuwa na kopo la kakao lenye ndoano kumi na moja alizokuja nazo baba kutoka ziwani, wala hakuwahi kuzitumia. Alizipaka mafuta kila Krismasi na kuzirudisha. Nilijua bila kuambiwa kwamba haziguswi. Nikaliiba kopo.

Rafiki yangu Musyoka, mtoto wa mchonga vinyago aliyekaa nyumba ya pili, alijua shimo la mawe kule Njiru. Wachimbaji walilihama, mvua ikalijaza, na samaki wakaingia, Mungu ndiye ajuaye kwa njia gani. Ngege tuliwaona kwa macho, wamesimama ndani ya maji kama wanatungoja. Shida ilikuwa majani. Yaliota kutoka chini hadi juu, marefu kama nywele, yakajaza shimo lote isipokuwa vidirisha vichache vya maji meupe.

Siku ya kwanza nilitumia nyungunyungu. Ndoano ilizama, ikashika majani, nikavuta, mshipi ukakatika. Ndoano tano zikaenda hivyo. Siku ya pili nikakata kijiko cha chai, nikakitoboa kwa msumari na kukifunga juu ya ndoano, maana baba aliwahi kunisimulia kwamba samaki hufuata kinachong'aa. Kiling'aa vizuri sana. Majani yakakipenda kuliko samaki walivyokipenda.

"Mtu wa ziwa gani wewe?" Musyoka akanicheka. "Hauvui, unalisha majani."

Ndoano ya kumi iliposhika, sikuvuta. Niliingia majini kuifuata. Tulikuwa tumeambiwa shimo lile limeshachukua mtoto, lakini siku hiyo sikujali. Nilifuata mshipi kwa mkono hadi maji yakanifika kidevuni, na majani yakanizunguka miguu taratibu, laini, kama mtu anayekufunga huku akikubembeleza. Musyoka aliacha kucheka. Alinirushia shati lake, akanivuta kwa hilo shati hadi kwenye mawe. Nikakaa pale, nikahesabu kilichobaki kwenye kopo. Moja.

Jioni ile, kwenye vumbi la mbao la baba yake, Musyoka alichonga kisamaki cha ukubwa wa kidole gumba. Alichagua mjakaranda kwa sababu ni mwepesi, mhugu, mti mzito wa vinyago, ungezama. Tukaipachika ndoano ncha ikitazama juu, si chini, na mbele ya ncha nikakunja waya wa breki ya baiskeli, ili majani yakija yateleze juu ya waya. Huo ulikuwa uvumbuzi wangu, na hadi leo sijaona kazi ya waya iliyonishinda.

Siku ya tatu kisamaki kilipita juu ya majani kama gari kwenye lami. Nilirusha mara kumi na hakikushika hata jani moja. Nikaanza kuimba. Halafu samaki akapiga, akaachia. Mwingine akapiga, akaachia. Musyoka akachukua ndoano akaiminya kwa kidole.

"Manze, umeziba sana. Hata mimi hainidungi."

Ni kweli. Kwa woga wa kuipoteza ile ya mwisho, nilikuwa nimesokota nyuzi tatu za waya pamoja. Majani hayakuweza kuishika ndoano, na samaki pia hakuweza. Nikiziondoa mbili, samaki angepata nafasi, na majani nayo yangepata. Nilikaa nazo mkononi muda mrefu, jua likiteremka, nikimwona baba amelala anatazama ukuta. Mwishowe nikaziondoa.

Niliporusha mara ya tatu, kitu kizito kikavuta. Mshipi ulinikata viganja vyote viwili. Tulimburuta juu ya majani hadi kwenye mawe, na alipogeuka nikaona masharubu, ngozi nyeusi inayoteleza, na hakuna gamba hata moja. Alikuwa mumi, yaani kambare.

Musyoka aliruka kwa furaha, mimi nikaangua kilio, naye hakuelewa. Sisi tulikuwa watu wa kusali Jumamosi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na samaki asiye na magamba ni najisi. Hakuwahi kuingia kwenye sufuria yetu. Lakini jua lilikuwa limezama, na baba alikuwa na siku saba bila kula.

Mama alifungua gunia, akamtazama yule mumi. Kisha akafunga mlango. Akakata kichwa, akachuna ngozi yote, akamkatakata vipande vidogo na kumzamisha kwenye nyanya. Kichwa na ngozi alinipa nikavitupe mbali.

"Ni ngege," akaniambia bila kunitazama. "Ukiulizwa, ni ngege."

Alimwinua baba kwenye mto. Baba akatia kipande cha kwanza mdomoni, na taya likasimama. Likasimama hivyo hivyo. Mama aligeukia jiko akawa anakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Kisha baba akatafuna, akameza. Akala vipande vitatu na mchuzi wake.

"Ngege wa Nairobi hana mifupa," akasema.

Mama akamjibu kwamba alimchambua. Baba akauliza ni nani aliyemvua, nikasema ni mimi, naye akanigusa viganja vyangu vilivyokatika, kimoja baada ya kingine.

Alifariki wiki iliyofuata. Tulipomzika Samia, mhubiri alisema marehemu aliutunza mdomo wake hadi mwisho, na mimi nikasimama kando ya kaburi nikijua kwamba tuliuchafua, na kwamba Mungu alimchukua kwa sababu hiyo. Siri hiyo niliibeba nikisukuma mkokoteni wa mchanga, nikaibeba nikifungua duka, nikaibeba nikiweka msingi wa ghorofa la kwanza. Sikumwambia mtu.

Miaka michache iliyopita nilienda nyumbani, na katika kibanda cha chakula kando ya ziwa nikaagiza mumi kwa mara ya kwanza maishani. Tonge la kwanza tu, taya langu likasimama. Mafuta yale, ulaini ule, ladha ile ya matope! Mwaga debe zima la nyanya, mtu aliyekulia ziwani hawezi kukosea.

Nilimpigia mama pale pale, nikamwuliza kama baba alijua. Akasema kwamba asubuhi iliyofuata mlo ule baba alimwuliza kama kimebaki kipande cha yule mumi. Nikamwuliza mbona miaka yote hakuniambia.

"Alinikataza," mama akasema. "Alisema, mwache kijana ajue amenivulia ngege."

Ndani ya chumba kile kimoja wawili walikuwa wanajua, kila mmoja akinyamaza kwa ajili yangu. Nilipokuwa mtoto nilidhani baba alisita kwa sababu koo lilimkataa. Alikuwa anachagua.