Maziwa Mabichi

Nilipaswa kukataa kuijaza ile karatasi peke yangu. Mtafiti aliiweka mezani katika ofisi ya kijiji, akaeleza kwamba kikundi chetu kingeweza kuyasoma maswali yake kabla hajaanza kuwauliza watu, tukayarekebisha, tena tukachagua wanachama wawili wa kufuatana naye hadi mwisho. Kisha akaongeza, "Ila kama kuitisha kikao ni shida, mzee wangu, katibu anaweza kujaza kwa niaba ya wenzake." Karatasi iliuliza kama wanachama wameshirikishwa katika kuandaa maswali. Niliweka alama ya vema kwenye Ndiyo, nikasaini.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa. Kikundi kilikuwa cha kujitolea: tuliwaogesha wagonjwa majumbani, tuliwachotea maji, na mvua zikikata njia tuliwabeba kwa machila hadi zahanati. Wengi wetu tulikuwa wakulima wa mpunga na mahindi. Wafugaji walikuwa wachache, na aliyesikika zaidi kati yao ni mama mmoja aliyetuuzia maziwa, umri sawa na binti yangu wa kwanza. Hakusoma shule. Lakini hakuna kikao kilichofungwa kabla hajauliza swali la kutuweka nusu saa nyingine.

Nilimwambia mtafiti kwamba watu wako mashambani wanapanda. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Mimi peke yangu katika kikundi ndiye niliyemaliza kidato cha nne, na nilitaka mgeni aone kwamba mtu wa kuzungumza naye ni mimi. Yule mama na maswali yake wangenichelewesha.

Utafiti ulihusu homa inayotoka kwa mifugo na kuwaingia watu, homa inayokuja na kuondoka, ikiacha maumivu ya viungo. Vijana wa utafiti walipita nyumba kwa nyumba. Nyumba iliyosema inatumia maziwa mabichi ilielezwa hapo hapo namna ya kuyachemsha, na watu wake walipimwa damu. Kwangu walifika asubuhi, mke wangu akipepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu."

"Hapa nyumbani mnatumia maziwa mabichi?"

Mke wangu akaacha kupepeta. "Mabichi? Kwani sisi ndama?"

Tulicheka wote. Wakaandika hapana, wakaaga.

Usiku uliotangulia tulikuwa tumekula ugali kwa maziwa ya mgando ya yule mama. Wafugaji wa kwetu hukichoma kibuyu kwa ndani kwa kijinga cha moto, hukifuta, humimina maziwa humo na kuyaacha yagande. Yakishakaa kwenye kibuyu hawayaiti mabichi tena, kwa sababu moshi umeshayaivisha. Sisi wakulima nasi tuliita mabichi yale tu yenye joto la ng'ombe. Hakuna aliyewadanganya wale vijana.

Miezi ilipita, watafiti wakarudi kutusomea majibu. Walisema karibu kila nyumba haitumii maziwa mabichi, hivyo elimu itaelekezwa kwa wachinjaji na wanaosaidia ng'ombe kuzaa. Yule mama akanyoosha mkono.

"Samahani. Hayo mabichi mliyouliza ni yapi?"

"Ambayo hayajachemshwa, mama."

"Kuchemshwa kwenye sufuria?"

"Ndiyo."

"Basi mmeandika nini? Mimi ninauza maziwa kijiji kizima, na sufuria ya kuchemshia sijawahi kuinunua."

Watu walicheka. Mtafiti hakucheka. Alipekua makaratasi yake akasema maswali yalipitiwa na kikundi chenyewe, na saini ipo.

"Tulipitia lini?" mama akauliza, akinigeukia.

"Labda usingizini," akadakia mzee mmoja tuliyezoea kubeba naye machila. "Huyu ndiye Katibu Vema. Anatusahihishia mtihani ambao hatujaufanya."

Jina hilo ninalo hadi leo. Nilisimama nikasema nilijaza peke yangu. Nikaongeza kwamba ulikuwa msimu wa kupanda, na hata siku hiyo sikusema ile sababu nyingine. Yule mama alingoja nikae.

"Baba," akasema, "kila asubuhi ninapita mlangoni kwako. Ungenisimamisha tu."

Wakati huo mke wangu alikuwa na wiki nyingi za homa. Alikuwa ametibiwa malaria, kisha taifodi, na kila mara alipata nafuu kidogo halafu ikarudi. Aliulalamikia mgongo, nami nikausingizia uzee. Kesho yake nilimpeleka hospitali, nikamweleza daktari habari za maziwa. Wakampima tena. Ilikuwa ile homa ya mifugo, na ilikuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. Alitumia dawa kwa muda mrefu. Homa iliisha.

Watafiti walirekebisha swali na kuanza upya katika vijiji vingine, kuelekea Kilangali. Kwetu, karatasi yoyote inayoletwa sasa husomwa kwa sauti kikaoni, neno kwa neno, na yule mama ndiye anayesema tuendelee au tusimame. Ukatibu niliuacha. Yeye bado anapita asubuhi na maziwa, nami huyachemsha. Akishanipa huingia ndani, tukasaidiana kumgeuza mke wangu upande wa pili. Hajanitupia neno lolote tangu kile kikao.

Mke wangu naye hajanilaumu, ingawa nilimweleza yote, pamoja na ile sababu niliyoificha. Kama kikao kingesoma lile swali, nyumba yetu ingejibu ndiyo asubuhi ile, tungeambiwa tuchemshe, naye angepimwa wakati bado anatembea. Nilitaka mgeni anione msomi. Imenigharimu miguu ya mke wangu.