Vichwa Viwili vya Jabali

Shida yangu ilianza mwaka 2007, nikiwa na miaka hamsini na nne, na ililetwa na pua ya kiongozi.

Tajiri mmoja wa Lavington, mtaa wa wenye pesa hapa Nairobi, alikuwa ametoka Marekani. Huko alionyeshwa mlima uliochongwa nyuso za marais, naye akataka wake. Nyuma ya ua lake, upande wa Muthangari, kulikuwa na jabali lililoachwa na machimbo ya zamani.

"Watu wakitazama hapa waone nchi moja," akaniambia.

Mimi sikupita darasa la tatu, lakini kazi ya mawe naijua. Nikamchukua fundi mwenzangu, jirani yangu hapa Kangemi, mtu wa magharibi mwa Kenya. Viongozi walikuwa wawili, wote marehemu: mmoja wa kabila la kwetu, mmoja wa kwao. Hapo ndipo tulipokosea. Kila mtu alichukua wake.

Jiwe unalipunguza tu, huwezi kuliongeza. Kwa hiyo fundi huacha pua na paji vikiwa vinene, avimalizie mwishoni. Mwenzangu aliacha unene mwingi. Nilipoona hivyo, nikaacha zaidi.

"Mzee, huyo wako amevimba jino?" akanitania.

"Na hilo la wako ni paji ama ni meza ya kuuzia mboga za sukuma?"

Tulicheka. Kisha tajiri akaja, akatazama, akasema vichwa lazima vilingane. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto, na kila mmoja wetu akamwambia mwenzake apunguze. Kicheko kikaisha.

Baada ya kura, makabila yakaanza kupigana nchini, na watu wa Kangemi wakaanza kuulizana wametoka wapi. Mke wa mwenzangu akafunga mizigo. Mwenzangu mwenyewe akaja mlangoni kwangu mchana.

"Mzee, twende jabalini sasa hivi. Upunguze wako kidogo, nami nipunguze wangu. Nikiona hivyo, sitahama."

"Anza wewe," nikamwambia.

Akanitazama. "Haya, mzee." Jioni nyumba yake ilikuwa tupu.

Tajiri alifunika jabali kwa turubai, halafu akapanda maua yakatambaa juu yake. Mpaka leo nasema kichwa changu kilikuwa sawa.

Leo nina ploti ya vyumba vya kukodisha Kangemi, pikapu moja, ng'ombe wawili wa maziwa, nyundo na tindo zangu, na mafundi wanne niliowaajiri. Wote wa kwetu.