Mimi na Mwenzangu Tumefika

Wifi yangu, anayeuza mitumba sokoni Bariadi, ndiye aliyenisimulia kwanza kuhusu askari mwanamke wa kichekesho kimoja cha zamani. Anaipenda bunduki yake mpaka anaibeba mgongoni kwa kanga. Kwenye banda la video watu wanamsubiri yeye tu. Akitokea, anaipapasa na kusema, “Mimi na mwenzangu tumefika!” Banda zima linasema naye.

“Huwa anampiga nani?” nikauliza.

“Hajawahi kufyatua hata risasi moja, wifi.”

Nilimwonea wivu askari huyo. Mimi naona aibu kusema mbele za watu, kwa hiyo kwenye mashine ya kusaga wanaume hunipita kwenye foleni kila siku.

Asubuhi iliyofuata, jamaa wa baiskeli alitua gunia lake mbele ya ndoo yangu ya mahindi. Nikampapasa mwanangu niliyembeba mgongoni kwa kanga.

“Mimi na mwenzangu tumefika.”

Sauti ilikuwa ndogo, lakini foleni nzima iliangua kicheko.

“Baba, rudi nyuma, utakamatwa!” bibi mmoja akapaza sauti.

Jamaa akabeba gunia lake huku akicheka. “Samahani, afande.”

Nikasaga kabla yake. Mwenzangu alikuwa amelala muda wote.