Mwosha Magari Asiyefuta

Gari jeusi linachuruzika maji katikati ya ua, na aliyeliosha ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Hana kitambaa wala haraka. Jirani anayepita langoni anamtupia neno: leo umechoka mapema, au mwenye gari kagoma kulipa?

Mama Matone anacheka. Utani huo ameuzoea, maana kila amwonaye kwa mara ya kwanza hudhani kaiacha kazi njiani. Lakini leo kicheko kinakatika upesi, kwa sababu mwenye gari amesimama palepale, kitambaa cha ngozi laini begani, uso umekunjamana. Mwenye gari ni baba yake mzazi.

Mzee huyo, ambaye mtaa mzima humwita Dereva, alimwendesha mkurugenzi wa kampuni moja maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, akauziwa gari lilelile. Tangu hapo hakuna mkono mwingine uliowahi kuliosha. Kisha bega la kulia likamgomea. Gari likafunikwa turubai, naye akahamia kwenye kiti cha dirishani, akawa mtu wa kuulizwa tu kama amekula.

Kutoka dirishani huko ameitazama kazi ya binti yake kwa miaka miwili, na hajaikubali. "Mtu kuoga bila kujifuta maji, huko ni kuoga?" humuuliza.

Jana, baada ya chakula, alimsukumia ufunguo mezani. Mama Matone anakiri kwamba hakulala vizuri. Ameosha magari ya wakubwa, lakini hakuna aliloliogopa namna hii. Doa likibaki, baba hatamgombeza. Atalifunika turubai lake na kurudi dirishani, na safari hii hatatoka tena.

Jina la Mama Matone alilipata kwenye kituo cha kuoshea magari kando ya barabara kuu, alikoanzia kazi. Adui yake huko alikuwa matone. Maji ya bomba ya hapa yana chumvi nyingi. Tone likikauka huacha duara jeupe, na gari jeusi halina siri. Kwa hiyo walifuta, wakafuta tena. Siku moja mteja alimwita juani, akamwonyesha mikwaruzo myembamba iliyotapakaa mlango mzima. Kitambaa kilikuwa kimebeba mchanga.

"Niliona aibu," anasema. "Nilikuwa nimefuta kwa moyo wangu wote, kumbe ndiyo naharibu."

Dawa yake aliipata kwa fundi betri wa jirani. Fundi alimwaga maji ya betri kwa bahati mbaya juu ya boneti ya gari lililotoka kuoshwa. Mama Matone alikimbilia kitambaa, akaitwa na mteja mwingine, akasahau. Aliporudi, jua lilikuwa limeshakausha kila kitu. Boneti nzima ilikuwa na madoa, isipokuwa pale maji yale yalipomwagika.

Fundi alimweleza kuwa hiyo si tindikali, kama wengi wanavyoogopa. Ni maji yaliyoondolewa chumvi yote, hivyo yakikauka hayana cha kuacha nyuma. Mama Matone hakutulia mpaka alipopata njia ya kuyatengeneza mwenyewe.

Leo, uani kwake, maji ya bomba hupitia kwenye mtungi mrefu uliojaa punje ndogo za rangi ya asali. Punje hizo hunasa chumvi. Maji yakitoka huyapima kwa kipimo kinachotoshana na kalamu, na kikisoma sifuri ndipo huyaamini. Punje zikishiba chumvi lazima zibadilishwe, na bei yake humeza kipato cha karibu wiki nzima. Kwa hiyo maji hayo hayachezei. Huosha kwa sabuni na maji ya kawaida, kivulini, na kabla gari halijakauka hulisuuza kwa maji ya mtungi, kuanzia paani kushuka chini. Kazi hiyo, magari matatu au manne kwa siku, inawasomesha wanawe wawili.

Anasema kuosha si kazi. Kazi ni kumzuia mwenye gari asifute. "Mtu atanikabidhi gari lake bila wasiwasi, lakini akiliona limelowa, mkono unamwasha."

Na sasa mkono wa Dereva unamwasha. Kitambaa kimeshashuka begani.

"Mwanangu, niache nifute hata kioo cha mbele tu."

"Baba, naomba usubiri."

"Nimelifuta gari hili kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Najua, Baba. Ndiyo maana naomba."

Mzee anaguna. Kisha anavuta ndoo nyingine, anaipindua, anakaa kando ya binti yake.

Paa linakauka kwanza, halafu boneti, halafu milango. Dereva anainuka na kulizunguka gari polepole, kichwa kakiinamisha upande ili mwanga upige vizuri, kama alivyokagua kila asubuhi kabla ya kumfungulia mkurugenzi mlango. Bonetini hakuna kitu. Ubavuni hakuna kitu. Binti hathubutu kuinuka.

Chini ya kioo cha pembeni mzee anasimama. "Hapa."

Kweli. Tone la maji ya bomba lilikuwa limejibanza ndani ya kasha la kioo, likateremka baadaye na kuacha mchirizi mweupe, mfupi kama ukucha. Mama Matone anainuka, anausogelea. Lakini baba yake anatabasamu.

"Huyu alinitesa hata mimi," anasema. "Anajificha kwenye vioo na vitasa, anatoka ukishampa mtu mgongo. Kabla ya kusuuza, fungua mlango uubamize mara mbili. Atatoka mwenyewe."

Anachovya ncha ya kitambaa kwenye maji ya mtungi, anaupangusa mchirizi kwa mkono wa kushoto, ule usiouma. Kisha anarudi nyuma na kulitazama gari lote.

"Gari zima, nimefuta hapa tu. Umenipita, mwanangu."

Mama Matone anajifuta macho kwa kiganja, na fahari aliyonayo anashindwa kuificha.

Mpango wake sasa ni kuezeka upande wa pili wa ua kwa mabati na kununua mtungi mwingine, ili aoshe magari mawili kwa pamoja. Anatafuta pia mtu wa kukaa na wateja gari linapokauka, mwenye maneno ya kuituliza mikono inayowasha. Mtu huyo anamjua siku nyingi, ila hajawahi kuthubutu kumwomba.

Turubai liko chini, karibu na gurudumu. Dereva analisukumia ukutani kwa mguu, anakunja kitambaa chake taratibu na kukitia mfukoni.

"Kesho," anauliza, "gari la kwanza linakuja saa ngapi?"